Siku Niliyopanda Mjohoro Bila Kupiga Hodi

Kuna watu pale Kwihara mpaka leo wakiniona napita na pikipiki wanainua macho kwanza, wanakagua miti, halafu ndipo wananisalimia. Nimezoea. Wengine wanajifanya wanaangalia kama mvua inakuja, lakini mvua gani ya mwezi wa saba, na kwa kuwa sasa kila mtu ana habari yake (nimesikia moja inayosema nilikutwa sina nguo, jambo ambalo si kweli kabisa, siku ile nilikuwa nimevaa kuliko mtu yeyote pale), nimeona bora niieleze mwenyewe, na aibu yake yote, niwe nimemaliza.

Mimi nina duka la steshenari Mtendeni, mjini. Natoa kopi, nafunga vitabu, nalaminisha vyeti vya watu, na mikono yangu ni laini, sikatai. Baba mkwe wangu, mkulima na mfuga nyuki wa Kwihara ambaye viganja vyake ukivishika unahisi umeshika gome, kwa miaka tisa amekuwa akiniita mkwe wa fotokopi. Haniiti kwa ubaya, ananiita mbele ya wageni, mbele ya wanangu, mara moja hata mbele ya mchungaji, na wote wanacheka na mimi nacheka, halafu usiku nikiwa nimelala namwambia mke wangu Nyamizi kwamba iko siku.

Sasa nyuma ya nyumba yao kuna mjohoro mkubwa, na huo mjohoro ulikuwa na tawi moja nene kama paja la mtu mzima, limenyooka juu ya bafu la mama mkwe mpaka juu ya bati la jiko. Upepo ukivuma linasugua bati usiku kucha. Mvua za mwaka jana lilikaribia kulitoboa. Waliitwa vijana wenye chenso, ile misumeno ya mashine, za petroli, wakauzunguka mti, wakasema wao tawi moja hawakati, wanakata mti wote na kuondoka nao, na mama mkwe akakataa kwa sababu ule mti ndio kivuli cha jiko lake. Mambo yakakaa hivyo mpaka Oktoba, mawingu yameanza kujikusanya, na mimi Jumapili moja baada ya chakula nikajisikia nasema, "Baba, hilo tawi niachie mimi."

Baba mkwe akaacha kuchokonoa meno. Akanitazama kuanzia viatu.

"Kwa kutumia nini, mkasi?"

Nikamwambia nina chenso. Ya betri. Nilikuwa nimeiagiza Dar, imekuja na basi, ndani ya boksi lake la plastiki pamoja na betri mbili, chaja, glovu, miwani ya kukinga macho na vile vizibo vikubwa vya masikio kama vya marubani. Haina petroli, haina kamba ya kuvuta mpaka bega liteguke, unabonyeza tu inakata. Baba mkwe akasema babu zake walibeba mizigo kichwani kutoka hapa hapa mpaka pwani na kurudi, kwa miguu, na leo mjukuu wao anatolewa tawi na betri ya tochi. Watu wakacheka. Nikacheka. Lakini moyoni nilikwishaapa kwamba Jumamosi inayofuata lile tawi litakuwa chini, bati litakuwa salama, na habari ya fotokopi itakwisha pale pale.

Hapa lazima nisimame kidogo niwaeleze kuhusu mama mkwe wangu, bila hivyo hamtaelewa kwa nini nilitamani ardhi ipasuke.

Kwetu Wanyamwezi, mwanaume na mama mkwe wake wana heshima yao. Mjini wengi wameilegeza, watu wanakula meza moja na kupiga picha wameshikana mabega, lakini mama yule hajalegeza hata uzi. Nikienda kwao natakiwa nisimame nje ya uzio, nipige hodi kwa sauti, nisubiri. Ile hodi si ya kuomba njia tu, ni ya kumpa yeye nafasi ya kujifunga kanga ya pili, kutoka uani na kuingia ndani, ndipo nikaribishwe, niletewe kigoda, na salamu zianze. Na maneno yetu lazima yapite kwa mtu wa katikati. Atasema, "Kalunde, muulize mkwe kama watoto hawajambo," na mimi niko hatua nne kutoka pale, nimesikia kila kitu, namjibu Kalunde (huyo ni shemeji yangu, mdogo wake Nyamizi), "Mwambie hawajambo." Kama hakuna mtu karibu, anaongea na kuku. Sitanii. Anasema, "Wewe kuku, sijui mkwe ameshakunywa uji," kuku ananitazama, na mimi namjibu kuku kwamba nimekunywa, nashukuru. Miaka tisa hatujawahi kusemeshana uso kwa uso hata neno moja, na nawaambia ukweli, sijawahi kuona mtu anayenijali kama yule mama kupitia kuku.

Jumamosi ikafika. Asubuhi nilifanya upumbavu wa kwanza, ambao ni kuwaonyesha majirani zangu wa Mtendeni ile mashine. Fundi seremala akaleta kipande cha mninga, nikakata. Mwenye duka la vyombo akaleta kipande cha mbao, nikakata. Nilikata mpaka mguu wa benchi bovu ambalo hakuna aliyeniomba nilikate, na betri niliyoiacha kwenye chaja usiku kucha ikawa imeliwa nusu kabla hata sijavaa kofia ya pikipiki.

Nyamizi alikuwa ametangulia kijijini tangu asubuhi kusaidia kupika, kwa sababu saa kumi jioni kina mama wa kanisani kwao walikuwa wanakuja kusali pale nyumbani, ilikuwa zamu ya mama mkwe kuwapokea. Akanipigia simu kabla sijaondoka.

"Baba Neema, ukifika upige hodi mbele, sawa? Mama ana pilikapilika leo, usimshtue."

"Sawa."

Nilisema sawa. Msikilize vizuri hapa, maana mkasa wote unaanzia kwenye hiyo sawa. Nilifika saa tisa na ushee, nikapita tembe la makumbusho, nikakata kulia, nikafika kwenye uzio, na nikajua kabisa kwamba nikipiga hodi, kwanza mama aondoke uani na kuacha kazi zake, pili kigoda, tatu salamu, nne baba mkwe aletwe, tano maji ya kunywa, na ikifika saa ya mimi kupanda mtini wageni wameshafika na baba mkwe amekaa chini anatoa maoni. Nikaona hapana. Nitazunguka kwa nyuma, nikate tawi kimya kimya, halafu ndipo nije mbele nipige hodi kama mtu mwenye adabu zake, na nikiulizwa lini utakata lile tawi nitasema lipi, lile lililolala kule? Nilipanga mpaka sura nitakayoweka nikisema hivyo.

Ngazi niliikuta imeegemea ukuta wa jiko. Nikaisimamisha kwenye mjohoro, boksi lenye betri ya pili nikaliacha chini, miwani nikavaa, glovu nikavaa, na vizibo vya masikio navyo nikavaa. (Ile mashine inalia kama ya kinyozi. Hakuna sikio duniani linalohitaji kukingwa na ile sauti. Lakini vilikuja ndani ya boksi, ningeviacha vipi?) Nikapanda mpaka kwenye panda ya kwanza, nikakaa kama ninayepanda punda, uso umeelekea lile tawi, na upande wa pili wa kijiji mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, hivyo hata aliyenisikia alidhani ni ile.

Nilikuwa nimetazama video za kukata matawi karibu wiki nzima. Nilijua kwamba unaanza chini ya tawi, unakata theluthi tu, halafu unahamia juu, ili likianguka lisichane gome la mti. Theluthi. Sasa kuikadiria theluthi ukiwa umekaa panda ya mti, jasho linaingia kwenye miwani, si kama kuikadiria kwenye karatasi ya A4. Nikakata, vumbi la mbao linamwagika, linanukia vizuri, nikasema kidogo tena, kidogo tena, mpaka nikapita nusu, na tawi likakaa juu ya msumeno. Likaubana. Mnyororo ukasimama. Nikabonyeza, ukagugumia. Nikabonyeza kwa hasira, ikawaka taa nyekundu, betri ikafa.

Mwenye akili angeshuka. Mimi nikavuta. Nikavuta ule msumeno kwa mkono mmoja, nikavuta kwa miwili, nikausukuma, nikaubembeleza, nikaweka mguu kwenye tawi nikavuta tena, sijui dakika ngapi, nimeng'ang'ana kwa sababu kushuka kufuata betri nyingine ingekuwa ni kukubali kwamba kazi imenishinda awamu ya kwanza. Mwishowe pumzi zikaisha, nikasema basi nishuke. Nikageuka kuitafuta ngazi kwa mguu. Hakuna ngazi.

Nikavua vizibo vya masikio ili nifikiri vizuri. Na jambo la kwanza nililolisikia, chini yangu kabisa, ni maji yanamiminwa kwenye ndoo.

Nimewaambia kwamba tawi lilipita juu ya bafu la mama mkwe. Sijawaambia bafu lenyewe. Ni uzio wa matete kwenye nguzo nne, jiwe bapa katikati, na juu hakuna kitu, juu ni mbinguni, na kati ya mbingu na bafu, siku ile, nilikuwepo mimi. Kisha nikasikia wimbo wa kanisani unaimbwa taratibu, sauti ninayoijua, ile inayoongea na kuku. Alikuwa anaoga mapema awahi wageni.

Sikutazama. Naapa kwa lolote mnalotaka niape. Nilifumba macho kabla hata akili haijaniambia, nikageuza uso, nikaukumbatia mti shavu kwenye gome, na nikabaki hivyo nimevaa miwani, nimefumba macho ndani ya miwani. Nikajisemea, tulia, dakika kumi tu, atamaliza, ataondoka, utajua namna ya kushuka, na hakuna mtu atakayejua mpaka unakufa. Kwa mama wa namna yake, kwamba mkwe alikuwa juu ya bafu lake na hakupiga hodi ni jambo la kuvunja nyumba ya watu. Nilimwona Nyamizi akirudishwa kwao. Nilimwona baba mkwe hana hata hamu ya kuniita fotokopi.

Kisha tawi likasema, ka.

Kidogo tu. Nikalihisi kwenye mapaja. Nikaacha kupumua, na kule chini wimbo ukakatika.

"Hili vumbi linatoka wapi," mama akasema peke yake. Vumbi la mbao lilikuwa linamdondokea. Akamimina maji tena, akaendelea kuimba ubeti wa pili.

Tawi likasema ka tena, kwa nguvu zaidi, na safari hii msumeno uliokuwa umebanwa ukajisogeza wenyewe kwa sababu mpasuo ulikuwa unaachia. Nikaelewa kila kitu kwa mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa. Lile tawi lote, na majani yake na uzito wake, lilikuwa linashikiliwa na nyuzi za juu tu, na chini yake yupo mama wa watu na sabuni usoni. Nikinyamaza, aibu yangu inabaki salama na yeye hatabaki. Nikisema, anapona, na mimi basi tena.

Ningependa kuwaambia kwamba sikufikiria hata sekunde. Nilifikiria. Labda sekunde tatu, na hizo tatu ndizo zinazoniuma kuliko yote yaliyofuata, watu wanacheka bafu na ngazi lakini mimi nikikaa peke yangu nazikumbuka zile tatu. Halafu nikafungua mdomo, na nilichokuwa nimepanga kusema ni samahani, ni mimi mkwe, lakini kilichotoka kilitoka chenyewe, neno letu la kumwita mama mzazi, kwa sauti ambayo sijaitumia tangu nikiwa darasa la sita, mwaka tuliomzika mama yangu mzazi.

"Mayu! Toka, mayu! Tawi linaanguka!"

Hata ile mashine ya kusaga nadhani ilinyamaza. Kisha kutoka ndani ya matete, kwa utulivu wa ajabu, nikasikia:

"Kalunde, huyo ni mkwe?"

Kalunde hayupo. Kalunde yuko mbele ya nyumba anafunga maturubai ya wageni, tena akiwa juu ya ngazi, ngazi ile ile, aliyoikuta kwenye mjohoro akadhani baba yake ameisahau. Lakini mama mkwe, tawi likiwa linapasuka juu ya kichwa chake, hawezi kunisemesha bila mtu wa katikati.

"Ndiye mimi, mayu, toka!"

"Kalunde, muulize yuko wapi."

"Niko juu!"

"Juu wapi?"

Hiyo ya mwisho hakumwambia Kalunde. Hiyo aliniambia mimi, moja kwa moja, mara ya kwanza katika miaka tisa, na kabla sijapata la kujibu tawi likatoa mlio mrefu, nikasikia matete yanasukumwa na miguu inakimbia, na nyuma ya miguu kishindo, ambacho kiliutikisa mjohoro mpaka meno yangu yakagongana.

Nilipofumbua macho, bafu halikuwepo. Palikuwa na tawi, majani, nguzo zimelala, ndoo imekuwa bapa, na ile mashine yangu imechomeka juu ya majani kama mtu aliyeipanda pale makusudi. Mama mkwe nilimwona mgongo tu, amejifunga kanga, povu shingoni, anaingia mlango wa nyuma, mzima wa afya, na hapo nikahisi machozi yananitoka, ya shukrani, nasema wazi, nililia.

Na ni wakati huo huo, nikiwa nimekumbatia mti, nimevaa miwani, vizibo vinaning'inia shingoni, nalia, ndipo kina mama wa kanisani wakatokeza kwenye kona ya nyumba, kumi na kitu, wamevaa sare na vitambaa vyeupe kichwani, wamekuja mbio kufuata kishindo. Wakalitazama tawi. Wakalitazama lililokuwa bafu, na kila mmoja pale anajua lilikuwa bafu la nani. Halafu, polepole, mmoja mmoja, wakainua macho.

Aliyekuwa mbele ni mwenyekiti wao, Mama Yeremia, mwanamke ambaye nadhani hata moto ukiwaka atafuata utaratibu.

"Bwana Yesu asifiwe," akaniambia.

"Amina," nikajibu kutoka mtini. Kisha, kwa kuwa wengi wao ni wakubwa kwangu, nikaongeza, "Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia wote pamoja, kwa sauti zao nzuri za kwaya.

Baba mkwe alifika wa mwisho, anatoka kwenye mizinga yake, bado ana kofia ya wavu mkononi. Hakuharakisha. Aliliangalia tawi kwa upande uliokatwa, akalipima kwa kiganja, akaiangalia ndoo, akaniangalia mimi.

"Mkwe," akasema, "kumbe siku hizi hodi inapigwa kutokea juu."

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipojua ni kubwa. Kalunde akaja mbio na ngazi, "Shemeji, mimi nilidhani ni ya baba," na nikashuka, kila kipago naona kama kinachukua nusu saa, na Nyamizi amesimama chini na mwiko mkononi. Alinifuta vumbi begani kwa nguvu ambayo haikuwa ya kufuta vumbi.

Baba mkwe akanivuta pembeni, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionikata zaidi, kwamba niende tu nyumbani nikapumzike, haya mambo wazee watayakalia kikao. Na nyie mnaonijua mnajua mimi ni mtu wa kukimbia aibu, mara moja mteja alinirudishia kopi zenye kurasa zilizogeuka kichwa chini nikafunga duka siku mbili. Lakini siku ile kuna kitu kiligoma. Nikamwambia, "Baba, nimevunja bafu la mama wa nyumba hii. Siondoki hapa mpaka lisimame. Mkinifukuza nitalijenga nikiwa nje ya uzio."

Akasema, "Basi kwanza ukasali na wenzako."

Nikakaa chini ya maturubai, wanaume ni mimi na baba mkwe tu, na Mama Yeremia akaongoza sala ya kumshukuru Mungu kwa kumwokoa dada yetu na mambo yatokayo juu, akatulia kidogo baada ya neno juu, na nikaona kitambaa kimoja cheupe kinatikisika, halafu cha pili, halafu benchi zima, kina mama wameinamisha vichwa wanakufa kwa kicheko huku wamefumba macho, na mpaka amina ilipofika hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuisema.

Jumapili baada ya ibada nilirudi. Nilisimama nje ya uzio nikapiga hodi mpaka watu wa nyumba ya tatu wakaitikia karibu. Mashine ilikuwa imepasuka mfuniko lakini nilipoweka betri ya pili ikawaka, na lile tawi nikalikata pale chini, taratibu, kipande kwa kipande, nguzo sita nzuri. Kila mara kabla ya kubonyeza natangaza kwa sauti, "Nawasha." Baba mkwe alileta kigoda akakaa mbali kidogo, ikapita saa nzima bila kutoa maoni, halafu akaja akashika upande wa pili wa nguzo. Glovu nilikuwa nimezisahau mjini. Jioni viganja vilikuwa na malengelenge, na akavitazama, akaenda akaniletea asali ya kupaka. Ilinichukua Jumapili tatu. Uzio nikaufanya wa mbao na mabati, mlango una komeo, na juu nikaweka paa. Ndilo bafu la uani peke yake lenye paa kijiji kizima, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Siku nilipomaliza, mama mkwe hakutokea. Nilisikia tu mlango wa bafu unafunguliwa, komeo linajaribiwa mara mbili, tatu, kisha nyayo zinarudi ndani. Nikaaga kupitia kwa Kalunde, nikawasha pikipiki. Nyamizi akatoka mbio akapanda nyuma, na tulipofika kwenye lami akanigonga bega nisimame.

"Mama ana ujumbe wako," akasema. "Anasema bafu ni zuri. Anasema ile siku ulimwita mayu, alikusikia."

Nikazima pikipiki.

"Na anasema mtoto wa nyumbani huwa hapigi hodi kwao." Nyamizi akajing'ata mdomo, najua alikuwa anazuia kicheko. "Ila wewe, anasema, uendelee kupiga."

Napiga. Nimeapa sitapanda kitu chochote kirefu kuliko kigoda bila ya kijiji kizima kuwa na habari, na nikifika Kwihara napiga hodi tangu kwenye mashine ya kusaga, nyingine kwenye uzio, na ya mwisho nikiwa nimeshakaa.